Ukiwa na pumu ya ngozi na unakwenda kufanyiwa upasuaji: namna ya kujikinga na mzio wa gundi na plasta

Siku ya tisa baada ya upasuaji wangu wa henia, kidonda chenyewe hakikuniuma tena. Kilichoninyima usingizi ni muwasho. Ulianza usiku, pembeni ya mshono, na kulipokucha ngozi ilikuwa imevimba na kutoka malengelenge madogo kama vichwa vya pini, yamejaa maji. Nilirudi kliniki nikaambiwa kidonda kimeingia bakteria, nikaandikiwa antibayotiki za siku saba. Nikazimaliza zote na muwasho ukazidi. Niliporudi mara ya pili, nesi mwingine alivuta taa karibu, akapitisha kidole hewani kufuata ukingo wa upele bila kunigusa, kisha akaniuliza, "Dada, hapa ulibandikwa nini?"

Upele ulikuwa na pembe nne, umenyooka kama uliopigiwa rula. Bakteria hawaoti kwa pembe nne. Lakini swali lake sikuweza kulijibu. Karatasi yangu ya kuruhusiwa iliandikwa "kidonda kimefungwa", basi. Kimefungwa kwa nini, hapakuwa na neno.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya swali hilo. Kama una pumu ya ngozi, ambayo wengine huiita ukurutu, au unamuuguza mwenye nayo, nataka ufike kwenye meza ya upasuaji ukijua utakachobandikwa, na utoke ukiwa na jina lake kwenye karatasi. Hatua nyingine zote zinategemea hapo.

Vitu vinavyobandikwa

Watu wengi wakisikia gundi ya upasuaji hufikiria kitu kimoja. Kwa kweli mgonjwa mmoja anaweza kutoka chumba cha upasuaji akiwa amebandikwa vitu sita tofauti, kila kimoja na kemikali zake.

Kipo kwanza kile kinachoitwa gundi hasa: maji mazito yanayopakwa juu ya mshono, yakakauka kwa dakika chache na kuwa kama utando wa plastiki. Hizi ni sianoakrilati. Ukoo wake uligunduliwa mwaka 1942 na Harry Coover wa kampuni ya Kodak, aliyekuwa akitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki. Gundi ile ya nyumbani inayonata kwa sekunde chache ni ndugu yake. Dermabond, iliyo maarufu zaidi katika zile za hospitali, iliruhusiwa Marekani mwaka 1998. Gundi ya kubandikia kucha bandia na ile ya kope bandia ni za ukoo huohuo, jambo ambalo tutalirudia. Siku hizi ipo pia aina inayokuja na utepe wa wavu: wavu hulazwa juu ya kidonda, kisha gundi hupakwa juu yake. Ndiyo iliyoniachia pembe nne.

Halafu kuna vijitepe vyembamba vinavyovuta kingo za kidonda zikutane, plasta za kushikilia shashi, utando angavu wa plastiki unaofunika kidonda au sindano ya dripu, vibandiko vya mviringo vya kupimia mapigo ya moyo, na bamba kubwa linalobandikwa pajani au mgongoni pale mpasuaji anapotumia kifaa cha umeme kuzuia damu. Kingine husahaulika kabisa: dawa ya kunatisha inayopakwa kwenye ngozi kabla ya plasta ili plasta isibanduke. Nyingi hutengenezwa kwa utomvu wa miti, kama benzoini au mastiki, na utomvu wa miti huleta mzio kwa urahisi. Plasta nyingine za mtindo wa zamani nazo zina utomvu wa misonobari au viungo vya mpira ndani ya gundi yake.

Kwa nini sisi huathirika haraka

Ngozi yenye pumu ina ukuta unaovuja. Kwa baadhi yetu ni kwa sababu mwili hautengenezi vya kutosha protini iitwayo filagrini, inayoshikamanisha seli za juu na kutunza unyevu. Ukuta ukivuja, maji hutoka na kemikali huingia. Plasta ikibanduliwa huondoka na tabaka ambalo tayari ni jembamba. Juu ya hayo, kinga ya mwili iliyo chini ya ngozi hiyo huwa macho muda wote, tayari kupigana na lolote.

Sisemi uogope upasuaji. Watu wengi wenye pumu ya ngozi hufungwa kidonda kwa gundi na kupona vizuri. Ninachosema ni kwamba wewe unahitaji maandalizi ambayo jirani yako wodini huenda hayahitaji.

Hatua ya 1: Andika historia ya ngozi yako

Chukua karatasi moja, wiki mbili tatu kabla. Usitegemee kukumbuka ukiwa umelala kitandani huku daktari wa usingizi anakuuliza maswali kumi kwa mpigo. Jiulize haya na uandike majibu:

- Plasta ya kawaida iliwahi kukuachia alama inayowasha kwa zaidi ya siku moja? Ipi?
- Umewahi kuvimba vidole au kope baada ya kubandika kucha au kope bandia, au kutengeneza kucha za jeli?
- Umewahi kuvaa sensa ya kupima sukari, pampu ya insulini au vibandiko vya moyo, na ngozi ikaota vipele chini yake?
- Glavu za mpira au puto hukuwasha mikono au midomo?
- Kuna krimu ya antibayotiki iliyowahi kukizidisha kidonda badala ya kukiponya? Neomisini na basitrasini ni maarufu kwa hilo.
- Dawa za kusafishia ngozi, kama iodini au klorheksidini, ziliwahi kukuletea shida?

Swali la kucha na kope lisikupite hata kama unaona halihusiani na operesheni. Mtu anaweza kuupata mzio saluni na kuja kuugundua hospitalini miaka kadhaa baadaye. Ukipata mzio wa kemikali ya aina hii, mwili hausahau.

Chini ya karatasi andika dawa zote unazotumia kwa ngozi: jina la mafuta, nguvu ya krimu ya steroidi, sehemu unazopaka na kwa muda gani. Kama umetumia steroidi kali kwa miezi mingi, au umemeza vidonge vya steroidi, daktari wa usingizi lazima ajue, kwa sababu mwili unaweza kushindwa kutoa steroidi zake wenyewe wakati wa msukosuko wa upasuaji. Vivyo hivyo kama unatumia dawa za kutuliza kinga ya mwili, kama methotreksati, siklosporini au sindano za dupilumabu. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako. Uliza.

Hatua ya 2: Tuliza ngozi kabla ya siku kufika

Ngozi iliyochafuka isikutane na kisu kama upasuaji si wa dharura. Ukurutu uliochubuka hubeba kwa wingi bakteria aina ya stafilokokasi, na mpasuaji hapendi kupitisha kisu juu yao. Ukiona eneo litakalopasuliwa lina mikwaruzo mibichi, maji yanayotoka au magamba ya njano, piga simu mapema. Kuahirisha wiki mbili ni afadhali kuliko mshono ulioachia.

Paka mafuta yako kila siku kama kawaida, tena usipunguze wiki hiyo. Simama tu siku yenyewe, kwenye eneo la upasuaji na pale vitakapobandikwa vibandiko: plasta hainati juu ya mafuta, na ikikataa kunata atakuja mtu na dawa ya kunatisha. Mafuta yenye parafini pia hushika moto kirahisi yakilowana kwenye nguo au shuka, nacho chumba cha upasuaji kina oksijeni na vifaa vya umeme. Vaa nguo safi isiyo na mafuta siku hiyo.

Usinyoe eneo hilo kwa wembe. Wembe huacha michubuko isiyoonekana, na kwa ngozi yetu kila mchubuko ni mlango. Kama nywele lazima ziondoke, wazikate kwa mashine hospitalini.

Hatua ya 3: Jaribu plasta ukiwa bado nyumbani

Omba hospitali ikupe kipande cha plasta na cha utando angavu wanaotumia. Kata kila kimoja kama ukubwa wa stempu, bandika upande wa ndani wa mkono, juu ya ngozi isiyo na ukurutu, na uandike kwa kalamu pembeni tarehe na saa. Kaa nacho siku mbili, ukikwepa kukilowanisha. Kikianza kuchoma au kuwasha sana kabla ya hapo, kitoe.

Baada ya kutoa, subiri saa moja ndipo uangalie, kwa maana kubandua kwenyewe huacha alama ya muda. Angalia tena siku ya nne, kisha ya saba. Mzio huu huja polepole. Anayeangalia mara moja na kutangaza kuwa yuko salama anaweza kudanganyika. Na hata pasipotokea kitu, jaribio hili linakuambia juu ya plasta ile tu, kwa siku mbili tu. Ni msaada, haliwi hukumu.

Gundi usiijaribu mwenyewe. Nimeona watu wakishauriana kupaka gundi ya nyumbani mkononi ili wajue kama watadhurika na ya hospitali. Usifanye hivyo: unaweza kujiunguza, au kujipandikizia mzio ambao hukuwa nao. Ukiwa na sababu ya kuishuku, nenda kwa daktari wa ngozi upimwe.

Hatua ya 4: Mwambie mpasuaji, na umwombe mbadala

Maneno "nina aleji" hayatoshi. Yataandikwa kwenye faili na kupita. Sema kitu chenye umbo: "Daktari, nina pumu ya ngozi, na plasta yenye utando angavu iliniletea malengelenge yaliyokaa wiki mbili. Naomba kujua mtafunga kidonda kwa nini, na kama kuna njia isiyo na gundi."

Njia zipo. Kidonda kinaweza kushonwa kwa nyuzi za nailoni au polipropileni zitakazotolewa baadaye, au kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe chini ya ngozi. Vibanio vya chuma navyo hutumika, ila kama hereni za bei rahisi au kifungo cha suruali hukuwasha, taja hilo, maana vibanio vingi vina nikeli kidogo. Juu ya mshono inaweza kuwekwa shashi iliyofungwa kwa bendeji ya kuzungusha au ya mrija, bila gundi hata tone, iwapo kidonda kiko mkononi, mguuni au kichwani. Kwa tumbo na kifua, vibandiko vyenye gundi ya silikoni huwa vyepesi zaidi kwa ngozi; hunata taratibu na kubanduka bila kung'oa tabaka.

Hapa niseme jambo linalochanganya wengi, na lilinichanganya mimi. Ukilalamikia plasta ya plastiki, mara nyingi utaletewa ya karatasi. Ni laini zaidi, kweli, na hung'oa ngozi kidogo zaidi. Lakini kilichobadilika ni mgongo wa plasta. Gundi iliyo chini yake mara nyingi bado ni akrilati, yaani kemikali ya plastiki inayonata. Kama shida yako ni kuchubuka, karatasi itakusaidia. Kama ni mzio wa akrilati, umebadilishiwa shati tu. Hali ni hiyohiyo kwa dawa ya utando wa kinga inayopulizwa au kupakwa kabla ya plasta: ni nzuri kwa ngozi inayochubuka, lakini nyingi zenyewe ni plastiki za ukoo wa akrilati, na baadhi zina sianoakrilati. Neno "haileti mzio" kwenye boksi nalo usilipe uzito mkubwa. Soma viungo, au mwombe nesi akusomee.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Fika na karatasi yako, nakala mbili. Moja ibaki kwenye faili, nyingine mpe daktari wa usingizi mkononi, kwani yeye ndiye atakayekuwa macho wewe umelala. Mkumbushe vibandiko vya moyo, plasta ya dripu na ile ya kushikilia mrija mdomoni. Na uombe dawa ya kusafishia ngozi iachwe ikauke kabisa kabla ya kitu chochote kubandikwa. Iodini iliyonaswa ikiwa mbichi chini ya plasta inaweza kuunguza.

Kabla ya kuruhusiwa, uliza: "Nimebandikwa nini, kila mahali?" Waombe waandike majina kamili, au upige picha maboksi.

Hatua ya 6: Kubandua bila kuchuna

Sehemu kubwa ya madhara ninayoyaona kwa wenzangu wala si mzio. Ni ngozi iliyochunwa kwa kubandua plasta kwa haraka, kwa ile imani kwamba ukivuta mara moja hutasikia maumivu. Kwa ngozi yetu imani hiyo ina gharama.

Lainisha kwanza ukingo kwa mafuta kidogo au kwa dawa ya kubandulia yenye silikoni, ukikaa mbali na mshono. Inua kona moja. Weka kidole cha mkono wa pili juu ya ngozi, pale hasa plasta inapoachana nayo, uikandamize kidogo. Kisha vuta plasta ukiilaza, irudi nyuma juu ya mgongo wake sambamba na ngozi, kufuata nywele zinakoelekea, huku kile kidole kikiifuata nyuma yake hatua kwa hatua. Usiivute kuelekea juu. Ukiona ngozi inainuka kama hema, simama, paka mafuta tena. Plasta ya urefu wa kidole inaweza kukuchukua dakika mbili. Zichukue.

Gundi ya maji ni habari nyingine. Hiyo haibanduliwi. Huachia yenyewe vipande vipande kati ya siku 5 na 10, ngozi inapojivua. Usiikwaruze wala usiikate kingo, na usiipake mafuta wala krimu kabla ya wakati: mafuta huilainisha, nayo ndiyo inayoshikilia kidonda chako. Kwa mtoto mwenye ukurutu, kata kucha zake fupi na umvalishe soksi za pamba mikononi usiku.

Hatua ya 7: Upele ukitokea, usome kabla ya kuutibu

Hapa ndipo nilipopotezewa siku saba, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anza kwa picha. Piga kwenye mwanga wa dirisha, kisha chora kwa kalamu ya wino mstari mwembamba kuzunguka ukingo wa upele, uandike saa. Kesho utajua kama umetambaa au umesinyaa. Halafu jiulize mambo matatu: ulianza lini, una umbo gani, na unawasha au unauma?

Ulioanza ndani ya saa chache hadi siku moja au mbili, unaochoma zaidi ya kuwasha, umekaa ndani ya mipaka ya plasta na unapungua haraka plasta ikitoka, huo kwa kawaida ni muunguzo wa ngozi. Gundi au dawa imeikera, lakini kinga ya mwili haijajifunza kuichukia.

Mzio wenyewe una tabia yake. Kama mwili ulishakutana na kemikali hiyo na kuikataa, upele hutokea siku moja hadi tatu baada ya kubandikwa. Kama ndiyo mara ya kwanza, kinga huhitaji muda wa kujifunza, mara nyingi wiki moja hadi mbili, na kwa kuwa gundi hukaa kwenye ngozi muda karibu huohuo, mtu anaweza kuupata mzio na kuugua kwa kubandikwa mara moja tu. Ndiyo maana wengi husema, "Mbona siku ya kwanza ilikuwa salama?" Muwasho wake ni mkali, wa kukuamsha. Huleta malengelenge madogo. Huanza na umbo la kilichobandikwa, pembe nne, mviringo au mstari, halafu huvuka mpaka na kusambaa. Na hauondoki kwa kubandua. Unaweza kuendelea siku nyingi baadaye, wakati mwingine wiki.

Bakteria nao wanajulikana. Maumivu yanayoongezeka kila siku badala ya kupungua. Joto. Ugumu chini ya ngozi, usaha, harufu, kidonda kuachia, homa, mstari wa rangi unaopanda kutoka kwenye kidonda. Haya huhitaji daktari siku hiyohiyo. Kumbuka pia kwamba mzio uliokunwa unaweza kuingia bakteria, ukawa na vyote viwili, kwa hiyo usijipe uhakika kupita kiasi.

Vipele vyenye usaha kwenye vinyweleo, vilivyotapakaa pale paliponyolewa, ni vinyweleo vilivyovimba. Na kama mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti na shingo vimeamka kwa pamoja huku eneo la mshono halina umbo lolote, pengine ni pumu yako ya kawaida imeamshwa na msongo, jasho au kukosa mafuta siku kadhaa.

Tahadhari kuhusu rangi: maelezo mengi ya hospitali hutaja "wekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa. Utaona zambarau, kijivu, kahawia iliyokolea, au usione rangi bali ung'avu na vinundu. Basi tumia mgongo wa mkono kupima joto, na ncha ya kidole kuhisi kama ngozi imekaza au ina vipele. Daktari akisema haoni wekundu, mwambie unachohisi.

Kuna hali isiyosubiri uchunguzi wa aina hii: midomo au uso kuvimba, kifua kubana, sauti kubadilika, kizunguzungu, au mabaka yanayowasha mwili mzima yaliyotokea ghafla. Huo ni mzio wa haraka, ambao mpira, klorheksidini au dawa fulani huweza kuuleta. Nenda sehemu ya dharura wakati huohuo.

Hatua ya 8: Kuutuliza

Kinachosababisha lazima kiondoke. Plasta na utando unaweza kubanduliwa na kubadilishwa shashi na bendeji. Kama ni gundi juu ya mshono mchanga, mpigie aliyekupasua kabla ya kuigusa. Ataamua kama kidonda kimeshikana vya kutosha, na mara nyingi itaondolewa kwa kulainishwa na mafuta ya mgando taratibu. Asetoni na spiriti visikaribie ngozi yenye ukurutu.

Daktari akithibitisha ni mzio, kwa kawaida atakupa mafuta ya steroidi ya kupaka kwenye ngozi nzima inayozunguka, si ndani ya kidonda kilicho wazi. Watu wetu huogopa steroidi wakapaka kidogo mno kwa muda mrefu mno, na hapo upele haukomi. Kipimo ni hiki: mstari wa mafuta kutoka kwenye tyubu, urefu wa kifundo cha mwisho cha kidole cha shahada cha mtu mzima, karibu nusu gramu, unatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Fuata siku ulizoandikiwa, kisha acha. Mzio uliosambaa sana huweza kuhitaji vidonge vya steroidi, ambavyo hupunguzwa taratibu kwa wiki mbili hadi tatu. Vikikatizwa mapema, upele hurudi kwa nguvu.

Kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi, dakika 10 hadi 15, hupunguza muwasho na kukausha malengelenge, mradi kidonda chenyewe kimeruhusiwa kupata maji. Vidonge vya mzio vile vinavyoleta usingizi vitakusaidia ulale, lakini usitarajie viondoe upele wa aina hii. Usipake krimu ya antibayotiki kwa kubahatisha. Nimeshaeleza kwa nini.

Alama nyeusi itabaki baada ya yote, na kwa ngozi nyeusi inaweza kukaa miezi. Hufifia. Ikinge na jua na usiichubue kwa krimu za kung'arisha.

Hatua ya 9: Pata jina la kemikali

Upele ukishatulia kabisa, baada ya wiki kadhaa, omba rufaa kwa daktari wa ngozi akupime mzio kwa kubandika. Vijisahani vidogo vyenye kemikali mbalimbali hubandikwa mgongoni kwa saa 48, kisha mgongo husomwa siku ya pili na tena siku ya nne au karibu na hapo. Baadhi ya kemikali huchelewa, kwa hiyo uliza kama utasomwa pia siku ya saba. Mgongo usiwe umepakwa steroidi siku za kabla, usiwe na ukurutu uliochafuka, na vidonge vya steroidi vinaweza kuficha majibu. Beba zile picha za maboksi, na kama inawezekana, plasta na gundi zenyewe, kwa sababu seti ya kawaida ya vipimo haina kila kitu.

Jibu litakuepusha pia na hofu isiyo na msingi. Mwenye mzio wa sianoakrilati, kwa mfano, mara nyingi hana shida na akrilati za plasta wala za kuzibia meno; kemikali hizi zinafanana majina kuliko tabia. Kwa upande mwingine, mwenye mzio wa isobonili akrilati, iliyotajwa na chama cha Marekani cha madaktari wa mizio ya ngozi kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka 2020 kwa sababu ilipatikana kwenye sensa za sukari, anatakiwa kuuliza kabla ya kila sensa mpya.

Majibu yangu yalipotoka nilikata kipande cha kadi ngumu, nikaandika mistari minne, na kukiweka nyuma ya kitambulisho changu: pumu ya ngozi tangu utotoni, mzio wa gundi ya upasuaji ya sianoakrilati, umethibitishwa kwa kipimo cha kubandika, pia gundi za kucha na kope, tumia nyuzi za nailoni, shashi, na kibandiko cha silikoni. Mwaka uliofuata nilitolewa uvimbe mdogo begani. Nesi aliyenipokea aliisoma kadi, akaenda kabatini, akarudi na boksi mkononi akiligeuza tusome wote wawili maandishi ya ubavuni. Kisha akalirudisha, akaleta jingine.